Waranti ya Kurasa Nne

Alistidia alipata leseni ya udereva akiwa na miaka arobaini na sita, na wakati huo hakuwa na hata baiskeli. Watu wa Buganguzi walicheka mpaka machozi. Walimuuliza ataendesha nini, toroli la mbolea? Naye alicheka pamoja nao, akaikunja leseni ndani ya kitambaa, akaitia kifuani. Alijua anachokitaka.

Alikuwa mpishi wa sherehe. Ukiwa na harusi, kipaimara au jubilei ya padre, ulimwita Alistidia, naye alifika na sufuria zake kumi na moja, miiko mirefu kama makasia, na wanawake wanne wanaojua kumenya ndizi bila kuzitazama. Chakula chake kilisifiwa. Kilichomtesa kilikuwa usafiri. Kila Jumamosi alikodi gari la mtu, na gari la mtu lina akili ya mwenyewe. Mwaka mmoja dereva wa pikapu alipata mzigo mnono zaidi, akazima simu, akamwacha Alistidia barabarani na sufuria nne za pilau huku wageni mia tatu wakingoja kijijini Ngenge. Chakula kilifika jioni kimeganda. Bibi harusi alilia, na mama yake bwana harusi akasema maneno ambayo Alistidia hajawahi kuyarudia mbele ya mtu.

Siku hiyo aliapa. Na Jumanne moja ya mwezi wa sita, baada ya kuweka akiba miaka tisa, alishuka Bukoba mjini akiwa na mumewe Apolinary, katekista na mkulima wa kahawa, mtu mpole asiyependa jambo lolote la haraka.

Waliingia kwenye yadi ya Jamali, muuza magari ambaye baba yake naye alikuwa mfanyabiashara palepale mjini. Magari yalikuwa tisa. Alistidia hakuyaona manane. Aliliona moja tu: Noah ya rangi ya fedha, viti vinane, mlango wa ubavuni unaosukumwa. Aliusukuma mlango ule, ukateleza laini kama siagi, na moyo wake ukapiga mpaka akaogopa watu watausikia. Viti vya nyuma vinalala! Sufuria saba zinaingia chini, nne juu, na wanawake wake wanakaa kama watu badala ya kuning'inia!

"Baba Penina, njoo uone," alimwita mumewe kwa jina la binti yao wa kwanza. "Njoo uone hapa nyuma!"

Apolinary alikuja, akaona, akatikisa kichwa. "Ni zuri. Lakini ndani yake tunajua kuna nini? Hili limetembea kabla yetu."

Jamali alilisikia neno hilo na akalipokea kwa mikono miwili. "Mzee wangu, umesema kweli. Ndiyo maana nina waranti ya nyongeza. Mwaka mzima. Injini ikifa, giaboksi ikifa, kampuni inatengeneza. Unaongeza milioni moja na laki mbili tu juu ya bei ya gari, basi, unalala usingizi."

Uso wa Apolinary ulinyooka. "Hiyo ndiyo dhamana. Tuichukue, mama."

Alistidia naye alikuwa karibu kusema ndiyo. Alitaka ufunguo. Alitaka kuondoka sasa hivi, apige honi kuanzia Muleba mjini mpaka mlangoni kwake. Lakini mtu aliyelisha watu mia tatu kwa miaka ishirini ana tabia zake, na yake ilikuwa kusoma orodha mara tatu kabla ya kuwasha moto.

"Hiyo karatasi iko wapi?" aliuliza.

"Ipo, mama, lakini wateja huwa hawaisomi. Wanasaini tu."

"Mimi nitaisoma."

Ilikuwa ya kurasa nne, kwa Kiingereza, herufi ndogo kama mbegu za ulezi. Jamali akamwita binti yake Yasmin, aliyekuwa akishughulikia makaratasi ya ofisi. Yasmin alivuta kiti, chai ikaletwa, akaanza kusoma na kutafsiri kwa sauti. Ukurasa wa kwanza ulikuwa mtamu. Injini, ndiyo. Giaboksi, ndiyo. Wa pili nao ulipita. Kufika wa tatu Yasmin akapunguza mwendo.

"Hapa wanasema vitu vinavyolika kwa matumizi havimo. Breki, mikanda, mipira ya maji, klachi, betri."

"Endelea, mwanangu."

"Gari litumikalo kwa biashara halimo."

Alistidia akaweka kikombe chini. "Kupeleka pilau harusini kwa malipo ni nini?"

"Ni biashara, mama," alisema Yasmin kwa upole.

"Endelea."

Ukurasa wa nne Yasmin aliusoma kimya kwanza, kisha akamtazama baba yake. "Wanataka sevisi kila kilomita elfu tano kwenye gereji waliyoichagua wao. Ukiruka hata moja, waranti imekufa. Na ya karibu kwetu iko Mwanza."

"Mwanza!" Alistidia aliruka kitini. "Nizunguke ziwa kupitia Geita kubadilisha oili?" Akacheka kicheko kile cha jikoni kinachofika mpaka kwa majirani, na Apolinary, ambaye hakutaka kucheka, akacheka pia. Jamali hakucheka. Aliichukua karatasi mwenyewe akaisoma, midomo ikicheza. Ilionekana wazi kwamba alikuwa hajawahi kuufikia ukurasa wa nne.

"Wallahi, hili sikulijua," alisema. "Ila sikukudanganya, mama. Nina mteja wa benki hapa mjini, giaboksi yake ilikufa mwezi wa tano, wakamwekea nyingine bure kabisa. Lakini yeye Mwanza anakwenda kila mwezi kikazi, na gari lake ni la kwenda ofisini tu."

Maneno hayo yalimrudisha Apolinary kwenye hofu yake. "Unaona? Inafanya kazi. Injini yetu ikifa tutafanyaje?"

Alistidia alisukuma kiti nyuma. Hakutaka kumdharau, kwa sababu nusu ya pesa ile ilitoka kwenye kahawa yake. Alitoka nje akasimama mbele ya gari, mkono juu ya boneti, akajiuliza anaogopa nini hasa. Haikuwa injini kufa mwakani. Alichoogopa ni kutojua iko vipi leo. Na kwa hilo, karatasi ya Mwanza ingemsaidia nini?

Akarudi ndani karibu akikimbia. "Nataka fundi alifungue. Fundi wangu, si wako, Jamali, usinielewe vibaya."

"Una fundi?"

"Sina. Nani anajua fundi mzuri?"

Yasmin ndiye aliyejibu. "Sada wa Kibeta." Baba yake akamkata jicho, maana Sada alijulikana kwa kusema ukweli mrefu. Lakini simu ilikwishapigwa.

Sada alifika na pikipiki, mwanamke wa miaka thelathini na kitu, ovaroli ya bluu, hijabu imefungwa nyuma ya shingo. Alisalimia, akalala chini ya gari, na kwa nusu saa wakaona miguu yake tu. Alipotoka alisema, "Mama, una leseni? Basi endesha. Twende mlimani, nilisikilize likiwa na mzigo wa kupanda."

Lo! Alistidia aliketi nyuma ya usukani. Apolinary alipanda nyuma akiwa ameshika rozari. Gari lilitoka yadini, likapita mjini, likaanza kupanda kuelekea Kibeta, migomba ikipita pande zote mbili, na Alistidia akahisi nguvu ya kitu kile chini ya mguu wake ikimwitikia. Alitaka kuimba. Kweli aliimba kidogo.

"Usiimbe, mama, nasikiliza giaboksi," alisema Sada, lakini alikuwa anatabasamu.

Huko juu walisimama, Sada akafungua boneti na kutoa hukumu. Injini ni nzima. Giaboksi ni nzima, ila oili yake imekuwa nyeusi, inataka kumwagwa yote. Mpira wa juu wa rejeta umepasuka na mtu ameuzungushia gundi akaupaka rangi. Ungedumu mwezi, kisha ungepasuka njiani na injini ingechemka mpaka ife. Matairi ya nyuma yamekwisha.

"Na kama mpira ungepasuka, injini ikafa," Alistidia aliuliza polepole, "waranti ingelipa?"

"Umeniambia njiani mpira haumo kwenye waranti," alisema Sada. " Wangekwambia injini imeuawa na mpira."

Apolinary aliinama kuutazama mpira ule. Kisha akasema jambo ambalo Alistidia hulisimulia mpaka leo kwa furaha: "Waitu, jamani, mke wangu, mimi ningesaini."

Waliporudi yadini, Alistidia hakuketi. "Jamali, gari ninalichukua. Waranti ile siitaki. Pesa yake nitaiweka benki kwa jina la gari, likiugua lijitibu. Lakini wewe badilisha mpira, mwaga oili, weka matairi mawili mapya, na uniandikie kwa mkono wako: miezi mitatu, injini na giaboksi, biashara imo, Ngenge imo."

"Mama, unanifunga kamba shingoni!"

"Nakufunga kiunoni. Upande wa pili wa kamba niko mimi. Ninapika kwenye harusi arobaini kwa mwaka, na kila harusi watu huniuliza gari nimenunua kwa nani."

Jamali alimtazama Sada, akamtazama binti yake ambaye tayari alikuwa amefungua kalamu. Akaandika, kwa Kiswahili, mistari sita. Yasmin na Sada wakasaini kama mashahidi.

Siku mbili baadaye gari lilipanda Buganguzi kwa honi isiyokoma. Wanawake walitoka mashambani na visu vya ndizi mikononi, wakapiga vigelegele. Na Jumamosi ile, kwa bahati au kwa mpango wa Mungu, harusi ilikuwa Ngenge. Sufuria kumi na moja ziliingia. Kwenye mteremko wanawake walizishikilia vifuniko huku wakipiga kelele na kucheka, na saa saba mchana kamili mvuke ulikuwa bado unatoka kwenye ndizi. Mama yule mwenye maneno makali alikuwepo miongoni mwa wageni. Alikula sahani mbili.

Mwezi wa saba tangu walinunue, alteneta, ile inayochaji betri, ikafa Muleba mjini, sufuria zikiwa ndani. Karatasi ya Jamali ilikwishapita muda. Sada alikuja na basi akiwa na alteneta mkobani, wakachelewa saa moja tu, na akiba ya gari ikalipa na nyingine ikabaki. Apolinary alishika taa ya simu wakati Sada akikaza nati.

Sasa watu wakitaka kununua gari humfuata Alistidia, wakitegemea awaambie waranti ni wizi. Hasemi hivyo. Juzijuzi alikuja Klaudia, mwalimu anayesoma Mwanza kila likizo, ameona gari dogo na karatasi ileile ya kurasa nne. Alistidia alisoma yote pamoja naye, kidole kikifuata mstari, akamuuliza gari litakwenda wapi na litafanya nini.

"Basi wewe inunue," alimwambia. "Kwako inafaa kabisa."

Klaudia akashangaa. "Mbona wewe uliikataa?"

"Mimi ninapeleka ndizi Ngenge, mwalimu. Wewe unakwenda shule. Lakini kabla ya kusaini, mpigie Sada."