Glasi Tatu za Saa Tisa Alasiri

Saa kumi na moja jioni, mjini Geita. Asteria Lubinza anafungua friza, anatoa glasi ya mguu mrefu na kuiinua usawa wa dirisha. Imeota ukungu mweupe. Anaiweka juu ya kaunta bila kuugusa ukingo wake.

Mteja wake, dereva wa lori kutoka Kahama, anakuna kichwa. "Nipe ile... ile ya glasi ya pembe tatu."

"Martini," Asteria anamsaidia bila kumcheka. "Kwanza niambie, ya jin au ya vodka. Kisha kavu au la, yaani vermuthi kidogo au nyingi. Mwisho, zeituni au ganda la limau. Baada ya hapo tulia, niachie mimi."

Vermuthi ni divai iliyotiwa mitishamba. Dereva anachagua jin, kavu. Asteria anamimina kijiko kimoja juu ya barafu, anaongeza jin, kisha anakoroga taratibu, macho yakiwa mlangoni. Hatikisi. Anasema kutikisa huvunja barafu na kukijaza kinywaji maji.

Ana umri wa miaka 36, mzaliwa wa Tinde, na huu ni mwaka wake wa kumi na moja katika hoteli hii ndogo. Analipwa shilingi laki tatu kwa mwezi. Glasi moja ya martini inauzwa elfu ishirini. "Ndiyo maana siifanyii mzaha," anasema.

Aliyemfundisha ni mteja. Stanslaus alikuwa mpimaji wa migodi midogo, mkazi wa Nyarugusu. Kila Ijumaa alifika akiwa ameoga, shati limepigwa pasi, akaagiza glasi moja tu na kukaa nayo karibu saa nzima.

"Alikuwa akisema, kinywaji hiki unakiagiza kama unavyomsalimu mkwe," anakumbuka Asteria. "Hupayuki, huna haraka."

Halafu ikaja Jumatano ile ya Machi, mwaka jana.

Mvua ilikuwa inanyesha tangu asubuhi na baa haikuwa na mtu. Saa tisa alasiri Asteria aliinua kichwa, akamwona Stanslaus ameketi kwenye kiti cha mwisho.

"Nikamwamkia, 'Shikamoo, Baba Salome.' Hakuitikia. Si kawaida yake. Shati lake lilikuwa kavu, na nje ilikuwa ikimwagika mvua. Akasema, 'Asteria, jin, kavu, koroga, ganda la limau. Vitatu. Tuko watatu.' Sauti yake ilikuwa kama ya mtu aliye chumba cha pili."

Asteria aligeuka kuchanganya na kujaza glasi tatu. Alipogeuka tena, kiti kilikuwa kitupu.

Mlinzi wa getini anashikilia hadi leo kwamba hakuna aliyeingia. Krupa, mwenye hoteli, anakumbuka alishuka ngazi na kukuta glasi tatu zimejazwa. "Nikamuuliza, za nani hizi? Alikuwa ameshaishika simu, anatafuta namba ya Stanslaus," anasema Krupa. "Kwenye sakafu chini ya kile kiti kulikuwa na udongo mwekundu. Mkavu, kama unga."

Simu ya Stanslaus haikupatikana. Asteria akampigia mkewe, Paskalia. Huyo akashangaa: mumewe alikuwa amemuaga asubuhi kwamba anakwenda Kahama kununua vipuri.

"Nikamwambia, mayu, mama yangu, naomba umtafute. Usiniulize nimejuaje. Mtafute huko huko Nyarugusu, machimboni, si Kahama, na hayuko peke yake, wako watatu."

Paskalia alivaa mabuti akatoka na majirani. Nyuma ya banda la duara moja, kama wachimbaji wanavyoliita shimo la dhahabu, walikuta pikipiki ya mumewe. Duara hilo lilikuwa limefungwa tangu mvua zianze, kwa hiyo hakuna aliyewaza kuna mtu ndani. Mdomo wake ulikuwa umetitia.

Walichimba kwa saa kumi na tisa. Walitoka watu wawili wakiwa hai. Stanslaus alitolewa mwisho, amefariki.

Yasini, mmoja wa walionusurika, anasema ni wao waliomsimamisha njiani wakamwomba ashuke nao akague ufa. Udongo ulipoporomoka, ulimbana Stanslaus kifuani.

"Alituona tunalia, akaanza kutufundisha kuagiza kinywaji," anasimulia Yasini, kijana wa miaka 27. "Gizani vile! Sema jin, sema kavu, sema koroga. Akatuahidi tukitoka atatununulia. Mimi sinywi pombe, lakini nilirudia kila neno. Mwishoni akaita kwa nguvu, 'Asteria, vitatu!' Akanyamaza. Niliwasha simu nimmulike. Ilikuwa saa tisa na dakika nne."

Habari zilipoenea, baadhi ya watu walimwita Asteria mchawi. Wengine walimfuata wakitaka awaambie dhahabu imelala wapi. Mmoja alimwekea jiwe kwenye kaunta, akamwomba alisikilize. Wateja wa zamani walihama, na Krupa alishauriwa amfukuze. Alikataa.

Kilichomuumiza Asteria ni swali moja. Siku ya arobaini Paskalia alifika hotelini, mara yake ya kwanza, akakataa kukaa.

"Nilimuuliza, kwa nini alikuja kwako, asije kwangu?" anasema Paskalia. "Miaka ishirini na mbili nimempikia. Nilikuwa nyumbani saa ile, mlango wazi."

"Nilimwambia sijui," anasema Asteria. "Nikalia. Naye akakaa."

Tangu hapo Paskalia huja kila Jumatano. Sasa wamelipia pamoja chumba cha biashara Nyahanga, mjini Kahama. Paskalia atapika, Asteria atachanganya vinywaji na kufundisha wasichana wawili kazi hiyo. Wanatarajia kufungua baada ya mavuno.

Fundi alipowauliza kaunta ikae upande gani, Paskalia ndiye aliyejibu: itazame mlango, na kiti chake yeye mwenyewe kiwe cha kwanza kutoka mlangoni.

"Safari hii akija," anasema, akijifunga kitenge upya, "ataagiza kwangu."