Kona ya Nalongo

Harufu ya rangi ya mafuta hunirudisha Bugolobi, mtaa nilikokulia, hata nikiwa na haraka zangu. Bembea yetu ya kwanza ilinuka hivyo. Ilichomelewa na mafundi wa Katwe kwa mabomba ya chuma, ikapakwa rangi ya kijani, nasi hatukusubiri ikauke. Makalio ya watoto wa flati zile yakawa ya kijani, na mama zetu wakasema mpaka wakachoka.

Vita vilikuwa vimekwisha na uwanja wa katikati ya flati ulikuwa kichaka. Wakubwa wakaamua kuusafisha, watoto wapate pa kuchezea na wao pa kupungia upepo. Jumamosi ngoma ya bulungi bwansi ikalia, maana Waganda wana desturi ya kuufanyia mtaa kazi bila malipo, na kila nyumba ikatoa mtu na jembe lake. Baba yangu, Mkenya asiyeamini kitu kisichopimwa kwa kamba, akapewa kazi ya kupanga bembea ikae wapi. Alichagua kona ya juu, kwenye kivuli.

Kona ile ilikuwa na mimea ya luwanyi. Baba alijua kwamba Waganda huipanda mpakani, na hapo ndipo elimu yake ilipoishia. Alipoinua jembe, alitokea jirani yetu Nalongo, akasimama pekupeku juu ya udongo ule.

"Hapa hapana chimba," alisema. "Hapa iko na mwenyewe."

"Mama, uwanja ni wa watoto wote. Usijikatie ploti."

Nalongo akaketi palepale, akanyoosha miguu. Mzee mmoja akamvuta baba kando, wakanong'ona, na baba aliporudi alikuwa amevua kofia. Bembea ikapelekwa upande wa pili, juani, na chuma kikatuunguza mapaja. Nilimchukia yule mama kwa moyo wangu wote. Mimi na ndugu zangu tulimwita Mama Ploti.

Mwanawe Kato alikuwa kijana mpole, akitusukuma kwenye bembea tukipiga kelele. Kwetu Kato lilikuwa jina tu. Nilikuwa mtu mzima nilipoambiwa kwamba Nalongo ni mama wa mapacha, kwamba Kato ni pacha mdogo, na kwamba penye Kato pana Wasswa aliyemtangulia. Niliambiwa pia kwamba luwanyi hupandwa kaburini. Wasswa aliuawa vitani, njia ya kijijini haikupitika, mama yake akamzika alipoweza. Nililia, miaka mingi baadaye, kwa ajili ya mtu nisiyewahi kumwona.

Juzi nilipita pale. Uwanja unatengenezwa upya, vigae, taa, mabenchi, na rangi ilikuwa bado mbichi. Nalongo alishafariki, Kato alishahama. Vijana wa mkandarasi walikuwa wamefika kona ya juu na sururu zao, wakiitazama luwanyi kama magugu.

Nilivua viatu, nikasimama juu ya udongo.

"Hapa msichimbe," nikawaambia. "Pana mwenyewe."