Mtoto Aliyeulizwa Mara Tatu

Kwa miaka kadhaa, hapa Likasi, kazi yangu ilikuwa kuuliza maswali. Ofisi yetu iliajiriwa na watafiti waliotaka kujua watoto wadogo wanalelewaje: nani anashinda nao mama akienda sokoni, wanakula nini, walianza lini kutembea na kusema. Tulipita nyumba kwa nyumba, na tukimaliza tuliandika namba ya fomu kwa chaki mlangoni, ili mwenzetu asirudie pale pale.

Katika nyumba za zamani za wafanyakazi, Shituru, nilifika kwenye mlango wenye namba mbili, zote zimekolezwa kwa mkaa. Mama mwenye nyumba, muuza unga, alinipa kiti kabla sijajitambulisha, akamwita binti yake. Mtoto, wa miaka minne hivi, alikuwa ameketi chini akipanga vifuniko vya chupa, mgongo ametugeuzia. Hakugeuka. Mama akaenda kumgusa bega.

"Mulikawia," akaniambia. "Minye niko nabangojea tangu mutoto alikuwa anatambaa."

Mtu wetu wa kwanza alimwambia tutarudi, kama sote tulivyozoea kusema ili kuaga vizuri. Mama akaamini kwamba namba ile ni zamu ya mwanawe kwa daktari. Kila mvua ilipoifuta, aliipitishia mkaa. Jirani alimshauri ampeleke mtoto Lubumbashi kwa daktari wa masikio. Akakataa, akihofia watu wa namba wangefika wakamkosa. Kanisani walipomwombea mtoto, yeye alishukuru kwamba jina lilishaandikwa.

Nilitoa fomu, nikaanza swali la kwanza. Akaweka kiganja juu ya karatasi.

"Papa, ile majibu nilisha kuipana mara mbili. Iko kwenu. Muende kuisoma kwanza."

Nilirudi ofisini. Fomu za tafiti zilizotangulia zilikuwa katika kabati la chuma, zimefungwa kwa kamba, mtaa kwa mtaa. Zake sikuzitafuta kwa muda mrefu. Mtoto huitika akiitwa? Hapana. Hushtuka kwa sauti kubwa? Hapana. Fomu ya pili, hapana na hapana tena, na mwandiko ulikuwa wangu. Nilishaingia nyumba ile, na sikuikumbuka.

Nilizipeleka kwa chef, mkuu wa ofisi yetu. Nilikuwa nimesoma tangazo la mfuko unaogharimia utafiti wa data ambazo tayari zipo kuhusu malezi na makuzi ya watoto, bila kubisha hodi kwa mtu yeyote. Nikamwomba tupeleke ombi. Alicheka, bila ubaya.

"Ile mufuko ni ya bantu ya kusoma, mon cher. Sisi tuko bantu ya kutembea. Karatasi ya zamani haitembezake jeep."

Nikamwambia kuna mama anayesubiri. Akajibu kwamba akina mama wanasubiri kila mahali, na kwamba fomu zake anazitaka Ijumaa.

Inanichoma hadi leo. Tuliingia katika nyumba za watu, tukachukua mambo ambayo hata jirani haambiwi, tukayafungia, kisha tukarudi kuyaomba upya kana kwamba hatukupewa chochote. Kuuliza kulikuwa na magari, posho na fulana mpya. Kusoma hakukutengewa hata meza.

Niliandika ombi peke yangu. Palipoulizwa tutahoji watu wangapi, nilijaza: hakuna, walishahojiwa. Chef alikataa kuligonga muhuri.

Fomu zile mbili nilizirudisha Shituru, nikamsomea yule mama swali kwa swali. Alisikiliza hadi mwisho.

"Kumbe mulijua," akasema. "Minye nilizani muko munatafuta."

Alizikunja, akazitia ndani ya kadi ya chanjo, na asubuhi iliyofuata akapanda teksi-bisi na mtoto kwenda Lubumbashi.

Aliporudi alipitia ofisini, mtoto amemshika sketi. Alisimama mbele ya meza ya chef, si yangu. Mtoto hasikii kabisa kwa sikio moja, akaeleza, na la pili linasikia kidogo. Kifaa kinaweza kusaidia, ingawa kusema kutamchukua muda, kwa kuwa ameletwa amechelewa.

"Docta aliniuliza tulikuwa wapi miaka yote," akasema. "Nilimuonyesha makaratasi yenu."

Chef alimwomba aketi. Hakuketi.