Maji Yasiyo na Chini

Mwanangu, asubuhi ile Maman Nabintu aliposimama mbele ya picha yangu pale Muhumba, mtaani kwetu kando ya ziwa, naikumbuka mpaka leo.

Nilikuwa kijana, mwanafunzi wa Muzee Bisimwa aliyenifundisha rangi, na tayari nilijiona fundi kumshinda yeye. Maji niliyajua kwa jina moja tu, bluu. Nilifungua kopo, nikapaka, basi, ziwa limekwisha. Usinicheke, nawe nimekuona ukifanya hivyo hivyo.

Maman Nabintu alikuwa jirani yetu. Mwanawe Murhula alizama na mashua iliyotoka bandari ya Minova, na ziwa halikumrudisha. Mama huyo akaniomba nimchore mwanawe ndani ya maji, apate pa kumtazama. Nikamchora macho wazi, bluu juu yake, bluu chini yake, shati likielea. Nilijisifu sana kwa picha ile.

Akawa anakuja kila asubuhi. Mwanzoni alilia, jambo la kawaida kwa mzazi. Kisha akaacha kulia, na hapo ndipo nilipoanza kuogopa. Alikaa akitabasamu, akiitikia maneno ambayo mimi sikuyasikia. Ndipo asubuhi ile akaniambia:

— Jana alikuwa mbali. Leo amesogea.

Nikatazama. Mungu ni shahidi wangu, sikuweza kumbishia.

— Ananiita. Kesho nitashuka ku ziwa, nimufwate.

Nilikimbia kumwita Muzee. Alifika, akaitazama picha, kisha akanigeukia kwa hasira ambayo sikuwahi kuiona kwake.

— Umelikoroga, utalinywa! Uliona wapi maji haina chini? Mutoto ya watu unamuacha anaelea tu, hana fasi ya kulala. Njo maana anatafuta mama yake!

Kisha akamgeukia mama, sauti imeshuka.

— Maman, enda utuletee udongo ya mu shamba yenu ya ndizi, pale mungemuzika.

Akauleta ndani ya kitenge. Niliutwanga, nikauchekecha, nikausaga na mafuta mpaka ukawa rangi, ule wekundu wa vilima vyetu. Muzee akaninyang'anya brashi. Mama mwenyewe aliupaka kwa vidole, chini ya mgongo wa mwanawe, taratibu, kama anayetandika kitanda.

— Sasa mutoto iko kwetu, akasema.

Akaenda nyumbani kupika. Ziwani hakushuka, kesho yake wala siku nyingine.

Tulipobaki wawili, mimi na Muzee, tukaona macho niliyoyachora wazi yamefumba. Labda kidole cha mama kilipita pale. Sikumuuliza, nawe usiniulize.

Mwanangu, maji usiyoyafika hujui wingi wake. Wewe unayependa kuchora ziwa, usianze na bluu. Anza na chini: tope, mawe, udongo wa watu wanaoishi kando yake. Bluu ije mwisho, tena nyembamba, kwa maana maji hayana rangi yake, huazima tu. Na ukiombwa kumchora aliyepotea, usimwamshe ili wewe usifiwe. Mtafutie kwanza pa kulala.

Mungu aibariki mikono yako. Akupe jicho la kufika chini na moyo wa kurudi juu, na wote utakaowachora wakuache ulale.