Hesabu ya Wavuta Sigara wa Burungu

Bwana yangu Séraphin, infirmier, muuguzi wa hapa Burungu, aliacha sigara mwaka Archange wetu alizaliwa. Aliacha kwa siku moja, na miezi mitatu iliyofuata mimi njo niliteseka: chumvi mingi, chumvi kidogo, mulango unalia, kila kitu ni kosa langu. Nilivumilia. Kwa hiyo wakati wakubwa wa afya walimuita Goma mwaka 2008, kwa mafunzo ya kupiganisha tumbaku, niliona hawakukosea muntu.

Alirudi na kofia mupya, picha kubwa ya mapafu meusi, na fomu mia mbili. Alinieleza kwamba serikali haiwezi kupigana na kitu haijui ukubwa wake, basi kila zone ya afya ipeleke hesabu ya wavutaji. Nilicheka. Serikali ilikuwa haijui hata nani anatawala kilima chetu, leo hawa, kesho wale, lakini ilitaka kujua nani anavuta.

Akaanza nyumba kwa nyumba. Sasa sikia maswali yenyewe. Katika nyumba hii, wanaume iko wangapi? Wako na miaka ngapi? Nani haiko hapa leo, na ameenda wapi? Jamani, maswali kama hayo, vita iko mulangoni, unauliza kweli? Nilimuambia. Alinijibu kwamba fomu iko na muhuri wa zone ya afya. Muhuri! Nilitaka kumupiga na mwiko.

Siku ya nne askari walimukamata kwenye bariere, kizuizi chao cha njiani, na fomu sitini zimejaa. Komanda alisoma majina, miaka, wanaume, akaona ni orodha ya vijana ambao adui atakuja kuchukua. Séraphin akaeleza mambo ya sigara. Askari wakacheka, maana ni muntu gani anapanda milima mine kwa sababu ya sigara?

Mama Dancille, jirani yetu, alikuwa anapita pale na mihogo yake, na yeye njo aliniletea habari: amemuona anakaa chini, bila viatu. Nilienda. Siku tatu nilienda, siku tatu walinirudisha. Nililia mbele yao bila haya. Nilikuwa na hasira na Goma, na hasira na yeye, hata na ile kofia.

Siku iliyofuata komanda aliniachia nisogee. Séraphin alikuwa amekonda, midomo imepasuka. Komanda aliniuliza kama bwana yangu anavuta, nami nikajibu ukweli, tena na kiburi kidogo, kwamba aliacha miaka sita iliyopita. Kumbe walikuwa wanamupa sigara kila siku, na kila siku anakataa.

“Muntu anakataa sigara yetu, anatuchukia,” komanda alisema. “Avute na sisi, aende. Asipovuta, anabaki.”

Akawasha moja, akamunyooshea. Séraphin hakuichukua. Aliniangalia mimi. Ningeweza kunyamaza, aamue mwenyewe, lakini nilikuwa nimeona fimbo zao, na nyumbani watoto watatu walikuwa wananingoja.

“Vuta, Papa Archange,” nilimuambia. “Vuta, turudi nyumbani.”

Akavuta. Alikohoa mpaka machozi, wao wanapiga makofi. Walichoma fomu zote, wakamutilia pakiti mufukoni, wakasema sasa yeye ni ndugu. Tukarudi nyumbani.

Ile pakiti ilidumu siku mbili. Pakiti ya pili alijinunulia dukani, mimi ninamuangalia. Goma walimuita kwa mafunzo mengine, hakuenda. Ile picha ya mapafu aliikunja mwenyewe, akaitia chini ya kitanda.

Siku hizi akikohoa, ninamupelekea maji ya moto, anasema asante mama. Hajanilaumu hata siku moja. Ninatamani anilaumu.