Jina Ambalo Wacera Hakulitaja

Mke wangu Wacera alikuwa mchumaji ambaye majirani zetu wa Chepseon walimletea mabinti zao awafundishe. Aliingia kwenye majani chai na kikapu mgongoni, akizungumza bila kutazama chini, na vidole vikichagua vyenyewe majani mawili na kichipukizi. Siku hizi mashamba makubwa yananyolewa na mashine kama kichwa cha mwanafunzi, na hakuna anayeuliza ile mikono ilikwenda wapi.

Mwaka jana alipeleka kikapu kituoni. Kimeli, karani wa kununua majani, akakimwaga juu ya meza. Yalikuwa majani makuukuu, magumu, na vijiti.

"Shosho, leo umetuletea chakula ya ng'ombe?"

Watu wakacheka. Wacera naye akacheka, tena kuliko wote. Mimi sikucheka. Dada yangu Rebeccah alianza hivyo hivyo, kwa kucheka makosa yake, na alifariki akiniuliza mimi ni mtoto wa nani.

Kwa hiyo watu wa utafiti walipokuja kanisani kupima akili za wazee, nilimpeleka. Sikumwambia ninachoogopa. Nilimwambia kuna chai na mkate.

Aliyempima ni msichana anayeitwa Shirley. Alimtajia maneno matano ayashike. Akamwambia achore saa. Akamwambia ataje wanyama, naye Wacera akataja ng'ombe, mbuzi, kondoo, halafu ng'ombe tena.

"Kuku," nikasema.

"Mzee, usimsaidie. Ukimsaidia nitapima wewe." Akamgeukia. "Shosho, mtoto wako wa kwanza anaitwa nani?"

"Baba."

"Hapana, si baba yako. Yule kijana wako wa kwanza."

"Ndiyo huyo. Baba."

Msichana akainamisha kichwa na kuandika. Nikasimama.

"Unaandika nini? Kijana wetu ana jina la baba yangu. Mwanamke wa heshima hataji jina la baba mkwe wake, hata akilipata kwa mtoto aliyemzaa mwenyewe. Huyu hajalitamka tangu nimuoe. Nyinyi mnawaita wakwe zenu kwa majina kwenye simu kama mnaita kondakta, halafu mnakuja kupima akili za watu?"

"Pole, mzee. Sikujua. Hiyo alama nitampa." Alifuta, akaandika tena. Kisha akapunguza sauti. "Lakini yale maneno matano hakukumbuka hata moja. Nyumbani kuna kitu umeona kimebadilika?"

"Hakuna."

Akanipa namba yake ya simu. "Ukiona kitu, hata kidogo, nipigie. Usingoje."

Tuliporudi niliishikilia ile alama moja kama mtu aliyeshika mzizi ukingoni mwa mto. Kuchuma kunaweza kumtoka mtu kwa sababu ya macho. Maneno ya msichana wa mjini, nani ayakumbuke? Lakini adabu iko ndani kabisa. Nilijiambia kwamba maadamu adabu ipo, Wacera yupo. Hata hivyo nilianza kuficha kiberiti, na kila alipokawia shambani nilitoka kuangalia kama kichwa chake kinaonekana juu ya majani chai.

Jumamosi kijana wetu alikuja na mkewe Janeffer, wametubebea sukari na unga. Wacera alikuwa mlangoni, akipangusa mikono kwa leso. Alimwona akifungua lango, akapaza sauti:

"Muturi! Umefika?"

Sauti ilikuwa safi, ya furaha, haikusita hata kidogo.

Kijana aliangua kicheko. "Haki mama! Leo umeniita jina! Janeffer, umesikia? Sijawahi kusikia hiyo jina kwa mdomo wake."

"Afadhali," Janeffer akasema. "Hayo mambo ya zamani yalikuwa yananichanganya."

Wakamkumbatia. Walikuwa wamefurahi kweli. Nilimtazama Wacera usoni, nikingoja ashtuke, aweke mkono mdomoni kama mwanamke aliyeangusha chungu. Hakuna kitu. Alikuwa akitabasamu tu.

Nikatoa ile namba mfukoni, nikampa kijana.

"Piga hapa."

"Ni nani, baba?"

"Ni yule msichana wa kanisani. Mwambie ile alama niliyoigombania, aiondoe."

Alinitazama asielewe. Mama yake alikuwa tayari ameingia ndani kuweka chai, na kutoka jikoni alikuwa akiita tena, "Muturi, njoo ukae."