Makofi ya Mama Dirishani

Kliniki ya zamani ilikuwa nyumba ya bati pembezoni mwa mtaa wa Izia, na shamba la ulezi lilifika hadi chini ya madirisha yake. Wagonjwa wa saratani walitibiwa pale, mbali na hospitali kubwa. Ndipo nilipokuwa nikimpeleka mama kuwekewa dripu za dawa, baada ya kuugua titi. Niliipenda nyumba ile, na leo nikisikia harufu ya uji wa ulezi naikumbuka.

Mama ni Mfipa wa kijiji cha Kate, wa kizazi kinachokunja magoti na kupiga makofi taratibu kinaposalimia. Akifika mlangoni alipiga makofi, na benchi zima likamwitikia hivyo hivyo. Hata daktari, mgeni aliyedhani anapongezwa, alijifunza. Ila mgonjwa mmoja Msukuma, mke wa mfugaji aliyehamia huku na ng'ombe wao, siku ya kwanza alishangaa.

"Jamani, humu kuna harusi? Mbona mnapigiana makofi?"

Mama alicheka hadi akashika mbavu. Tangu siku hiyo wakaitana mtani, wakakaa pamoja kila kliniki. Yule mama naye akaanza kuitikia, ila kila mara alichelewa. Wenzake wakishamaliza, ndipo yake yanasikika.

Kisha tukaambiwa huduma inahamia hospitali kubwa. Sababu zilikuwa nzuri, na mimi sizikatai. Siku moyo wa mama ulipoanza kwenda mbio akiwa kwenye dripu, tulihangaika kutafuta gari huku muuguzi amemshika mkono. Kule hospitali kubwa kuna daktari wa moyo, kuna maabara na chumba cha upasuaji, vyote ndani ya uzio mmoja. Nilifurahi kuhama.

Siku ya kwanza mama alisimama mbele ya dirisha la mapokezi, akakunja magoti, akapiga makofi. Karani, kijana mgeni wa mji, hakuinua hata macho.

"Mama, usinipigie makofi. Mimi siyo mhudumu wa baa."

Foleni ikacheka. Mimi nina hasira za karibu, na niliyomwambia yule kijana hayaandikiki. Mama akanivuta mkono, akasema twende nyumbani. Alipofika akavua kitenge chake alichokivaa kila kliniki, akakikunja, akakiweka chini kabisa ya sanduku.

"Dawa zimetosha," akasema.

Hazikuwa zimetosha. Daktari alishatuonya kwamba kuziacha katikati ni kuukaribisha ugonjwa urudi. Nilibembeleza, nikafoka, nikalia. Wapi!

Aliyemweza ni mtani wake. Alikuja na kibuyu cha maziwa ya mgando, akaanza kusema kabla hajakaa.

"Mtani, nasikia umekimbizwa na katoto. Mfipa gani wewe? Kumbe uchawi wenu tunauogopa bure!"

Mama akajikuta anatabasamu.

"Nimekaa kule peke yangu," yule mama akaendelea, sasa kwa sauti ya chini. "Hakuna wa kunisalimia. Unataka niugue kama mgeni?"

Mama akaenda kufungua sanduku.

Siku ya kliniki waliongozana hadi dirishani, mimi nyuma yao. Mama alipopiga makofi, karani aliendelea kuandika. Mtani akamsogelea.

"Mwanangu, mwenzio anakusalimia. Weka kalamu chini umwitikie."

Kijana alitutazama, kisha akaweka kalamu. Akapiga makofi, kwa aibu, kama anayepima kama sahani ni ya moto.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

Dripu za mama ziliisha, na sasa anaenda kuangaliwa tu. Mtani wake hakujaliwa; tulimzika. Hospitali ilimpigania kwa kila ilichonacho, na kule Izia wasingeweza hata nusu yake. Najua hivyo, na bado naililia ile nyumba ya bati.

Juzi nilimpeleka mama tena. Alipiga makofi, karani akaweka kalamu na kuitikia, na benchi la nyuma nalo likaitikia. Nikamshika mkono tuingie ndani, lakini hakuinuka. Alibaki amekunja magoti, anasubiri yale makofi yanayochelewa.